Mrithi wa Namba Tano

Sikuwahi kuwa beki. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo nikipita Makanyagio, pale Mpanda, kukata nywele hakosi mtu wa kuniuliza kama bado nacheza nyuma, nami humjibu kwa adabu, kisha naudhika mchana kutwa. Nilikuwa winga. Winga wa kulia, mrefu, mwembamba, mwenye mbio na maringo yake, nisiyejua golikipa wetu kafanya nini mpaka mechi iishe. Nilikulia Mishamo, kwenye makazi ya watu waliokimbia kutoka Burundi, na mbio zangu nilizipata kwenye vijia vya mashamba ya mahindi, nikishindana na baiskeli za watu waliotoka gulioni. Winga ana raha yake. Akikosea, wenzake wanasema bahati mbaya. Beki akikosea, mpira unawekwa katikati na watu wote wanamtazama yeye.

Beki wetu wa kati pale chuo cha ualimu alikuwa mtoto wa Mpimbwe, wa ukoo wa wakulima wa mpunga. Vitanda vyetu bwenini vilitazamana. Alikuwa na mabega mapana na upole uliopitiliza, mtu wa kukuazima ndoo yake kisha akaona haya kuidai. Nje ya uwanja ungeweza kukaa naye jioni nzima asivuke maneno ya salamu. Lakini refa akishapuliza filimbi, mdomo wake haukufungwa tena. Sogea. Mgongoni. Mwache aende. Na zaidi ya yote alikuwa akisema "nipo". Wasiocheza mpira hawaujui uzito wa neno hilo. Mpira unakuja juu, wewe unarudi kinyumenyume umeukodolea macho, hujui nyuma yako kuna nani, halafu unasikia mwenzako anasema nipo. Maana yake uuache, yeye anauchukua. Unauacha bila hata kugeuka. Muda wote niliocheza naye sikuwahi kugeuka.

Malaria ilimpanda kichwani akiwa kwao kwa ruhusa. Tulipata habari kwenye kundi letu la WhatsApp, wakati wa chai, na nakumbuka nilimaliza andazi langu kwa sababu nilikuwa bado sijaelewa nilichosoma. Chuo kilikodi gari kutupeleka msibani, lakini ilikuwa masika, barabara imekatika, tukalala njiani tukisubiri maji yapungue. Tulipofika walikuwa wameshazika, na watu wamekusanyika kwa ajili ya kuanua tanga.

Hapo ndipo kocha wetu alipofanya alichofanya. Simlaumu, au niseme simlaumu tena. Hakuwa mtu wa huku. Alipangiwa kazi Mpanda akaja na sanduku lake, akafundisha Jiografia na mpira, na mila za watu aliziacha wenyewe wazijue. Alisimama mbele ya turubai, mama wa marehemu akiwa ameketi mkekani na wanawake wa ukoo, akatoa salamu za chuo, akatoa rambirambi, kisha akachomoa kwenye mfuko jezi namba tano ya marehemu, imefuliwa na kupigwa pasi. Akasema nafasi ya kijana huyu haitabaki wazi. Akaniita mbele. Sikuwa nimeambiwa lolote. Baadaye alinieleza kwamba aliamua ndani ya gari, kwa kuwa timu nzima hakuna aliyenizidi urefu. Akanivisha jezi ile juu ya shati langu, palepale, machoni pa wazee.

Wazee wakatazamana. Kisha bibi mmoja akapiga kigelegele kirefu, na mama wa marehemu akanyanyuka mkekani akanijia. Nikainama, maana yeye ni mfupi na sikujua anataka nini. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaninusa utosini kama anavyonuswa mtoto mchanga. Nikakalishwa mkekani kando yake. Nikaletewa maji ya kunawa kabla ya wazee. Wanaume wenye mvi wakaja mmojammoja kunipa mkono, na mmoja wao akaniuliza mbona nimekonda hivi. Mimi nilidhani ni ukarimu wa msiba tu. Nikala, nikashukuru.

Wakati wa kurudi, beki wetu wa kushoto, ambaye ni mtoto wa mama mdogo wa marehemu, alihama kiti akaja kukaa pembeni yangu. Akanieleza kwamba kwao mtu akifa hawaiachi nafasi yake hivihivi. Siku ya kuanua tanga ukoo unamchagua mtu, unamvisha nguo ya marehemu mbele ya watu, na tangu hapo aliyevishwa ndiye mwenye nafasi ile. Waliomwita marehemu kaka watamwita yeye kaka. Mama wa marehemu atakuwa mama yake. Siku ile wazee walikuwa bado hawajakubaliana nani avishwe, walikuwa wanasubiri sisi wageni tumalize salamu zetu ndipo waingie ndani wakazungumze.

Nikamuuliza kwa nini hakusimama akasema.

"Ningesema nini, na mama mkubwa ameshakukumbatia?" Aliangalia nje kidogo, kwenye maji yaliyotuama mashambani. "We ndo yeye sasa. Zoea tu."

Nilicheka kwa sauti. Gari zima likanigeukia, na hakuna aliyecheka pamoja nami.

Mwili wa winga haujui kurudi nyuma. Mimi nilizoea kukimbia uso ukitazama ninakokwenda. Sasa nilitakiwa nikimbilie goli letu huku nimegeuza shingo, jicho moja kwa mpira, jingine kwa mtu wangu, na mara zote nilitazama kimoja tu, yaani mpira. Nikiupata, badala ya kuupiga mbali kama mtu mwenye akili, nautuliza, nachenga, napanda nao, na nyuma yangu panabaki peupe. Miguu iliniuma mahali ambapo haikuwahi kuniuma. Kocha hakujali. Alisema beki mwenye mbio ni zawadi, nitafundishika, na akaniagiza nitazame video za mechi zetu za zamani zilizokuwa kwenye simu za wenzangu, nione marehemu alivyokuwa anasimama.

Nikawa natazama kila jioni nikishakula. Zilipigwa na wanafunzi waliosimama nyuma ya goli, mikono ikitetemeka kwa kushangilia, kwa hiyo picha ilikuwa nyasi, viwiko vya watu, na anga. Alivyosimama sikuona vizuri hata mara moja. Sauti yake ndiyo niliyoipata. Ilikuwa karibu kuliko kitu chochote kingine, kavu kidogo, haina haraka. Nilizisikiliza video zile kwa spika za masikioni mpaka nikajua wapi atavuta pumzi. Nikizivua, chumba kinabaki kimya, na mbele yangu ni kitanda chake chenye vyuma vitupu, godoro likiwa limekunjwa kichwani.

Mara ya kwanza ilikuwa mechi ya kirafiki na vijana wa mtaani, Kawajense. Mpira mrefu ulipigwa kutoka kwao, mpira mwepesi kabisa, hata mtoto angeupiga kichwa. Nikarudi nyuma, nikaukadiria, nikaanza kuruka. Nikasikia nipo. Nikashusha mwili, nikauacha. Ukadunda mara moja nyuma yangu, mshambuliaji wao akaupitia akiwa peke yake, akafunga huku anacheka.

Golikipa alinifuata akiwa na hasira ya haki kabisa. Akaniuliza kwa nini nimeuacha, nikamwambia nimesikia mtu kasema nipo. Akaniuliza nani. Nikageuka kumtazama beki wa kushoto, lakini yeye alikuwa mbali, karibu na mstari, mikono kiunoni. Alinisogelea taratibu wakati mpira unarudishwa katikati.

"Umemsikia na wewe?" akaniuliza.

Nikainama kufunga kamba za viatu, na hakuniuliza tena. Lakini niliposema hapo juu kwamba simlaumu kocha tena, nilikuwa nafikiria wiki zile zilizofuata, ambapo nilimlaumu kwa kila kitu. Kila mpira wa juu ulinikausha mdomo. Mingine niliipiga vizuri tu. Mingine nilisikia ile sauti, nikaiacha kabla akili haijasema neno. Watu wanadhani niliogopa mzimu. Mzimu ningeuzoea. Nilichoogopa ni jinsi nilivyokuwa namtii, upesi hivyo, kama zamani, bila kugeuka. Siku hizi nafundisha shule ya msingi, na watoto wakicheza nje, mmoja akasema nipo, mkono wangu unasimama ubaoni.

Kisha mama akaanza kuja. Alipanda basi kutoka Mpimbwe na mchele kwenye kiroba, pamoja na migebuka mikavu aliyoinunua kwa wachuuzi wa samaki wa ziwani, akateremka stendi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akaulizia uwanja. Alitandika kanga yake upande wa goli letu. Kipindi cha pili tukibadilisha magoli, naye alikunja kanga akahama, kwa sababu alitaka kukaa karibu nami. Mpira hakuujua hata kidogo. Tukifungwa, na mara nyingi kwa uzembe wangu, alisimama kuhakikisha nimeinuka, kisha akaketi ameridhika. Baada ya mechi aliichukua jezi akaifua mwenyewe kwenye bomba la bwenini, hakutaka mtu mwingine aiguse, na wakati ikikauka ananihadithia habari za nyumbani. Ng'ombe amezaa. Wadogo zangu wananiulizia. Aliniita baba, kama alivyomwita mwanawe, ambaye alipewa jina la baba mzazi wa mama huyu.

Nilimpenda, sina namna nyingine ya kusema. Nilianza kuzingojea Jumamosi, siku za mechi. Na wakati huohuo kila nilipomsindikiza stendi nilihisi kuna kitu changu kinapanda naye lile basi, na sikujua nikidai vipi. Siku moja, akiwa anakamua jezi, aliniuliza ule mundu mdogo niliuweka wapi mwaka jana, maana wameutafuta mpaka wamechoka. Swali halikunitisha. Nilitishwa na kwamba nilikunja uso, nikajaribu kukumbuka.

Habari zikafika Mishamo, kwa sababu waendesha pikipiki wanabeba maneno pamoja na maharage. Baba yangu si mtu wa simu. Akipiga, ujue kuna kufa au kuna jambo. Hakunigombeza. Alisema wao walishabadilishiwa nchi, wakakubali, wakapanda mihogo, maisha yakaenda, na hilo halijawahi kumkosesha usingizi. Lakini mama yangu mzazi yuko hai, yuko shambani anapalilia, na ameanza kuwauliza watu kama ni kweli ana mwenzake huko Mpanda. Kisha akaniuliza swali moja kwa Kirundi, akalirudia kwa Kiswahili ili nisijifanye sikusikia.

"Wewe umekaa mahali pa marehemu. Mahali pako amekaa nani?"

Mashindano ya vyuo yalinimaliza. Tulikuwa tunaongoza, muda unaelekea kuisha, kona ikapigwa, nikiwa nimesimama peke yangu kwenye boksi la yadi sita, hakuna wa kunisumbua. Nikasikia nipo. Nikainamisha kichwa, mpira ukapita juu ya nywele zangu ukamkuta mtu wao. Dakika za nyongeza wakatufunga la pili. Mama alisimama pale kwenye kanga yake, akanipungia mkono kuniambia niinuke, maana nilikuwa nimekaa chini.

Jumatatu kocha aliniita ofisini. Alikuwa mpole, jambo lililonishangaza. Akasema alikosea kunihamisha, winga ni winga, nirudi pembeni kwangu, na jezi namba tano ataivaa kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa akikaa benchi. Hicho ndicho nilichokuwa nakiomba kila nilipofunga macho. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kabisa, nikafika karibu na bwalo la chakula, ndipo nikamwona mama kichwani mwangu, ameteremka basi Jumamosi, ametandika kanga upande wa goli letu, na pale katikati amesimama mtoto asiyemjua na namba tano mgongoni.

Nikamtafuta beki wa kushoto. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kocha hawezi kunivua nguo ambayo hakunivisha. Nikamwambia ni yeye aliyenivisha. Akatikisa kichwa. Ukoo ulinipokea, akasema, kwa hiyo ukoo ndio utakaonivua, na mama mkubwa akubali. Nikijiondoa kimyakimya tu, mama atakuwa amefiwa mara ya pili na mtoto yuleyule, na safari hii mtoto atakuwa amekwenda kwa kutaka kwake. Alinitazama kwa huruma, lakini hakujitolea kunisindikiza.

Nilikwenda peke yangu, jezi ikiwa kwenye mfuko. Ilikuwa ni wakati wa kuvuna. Nilimkuta uani, ameanika mpunga kwenye turubai, anaugeuza kwa miguu, kuku wamejipanga pembeni wakisubiri ageuke. Nikatoa shikamoo. Aliitikia, akafurahi, akaingia ndani kunitafutia chakula, akaniuliza mechi imeahirishwa nini. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yalikuwa maneno mazuri, yenye adabu. Badala ya kuyasema nikauweka mfuko juu ya turubai, kando ya mpunga.

Aliuchungulia. Akaketi.

"Nilijua tangu siku ile kwamba mwalimu wenu hajui anachofanya," akasema. "Tulijua wote. Wazee walitaka wakuvue kabla hamjapanda gari. Nikawakataza."

Nikamuuliza kwa nini. Aliokota punje moja ya mpunga, akaimenya kwa kucha, akaitazama.

"Siku ya kuzika sikulia. Watu walinishika huku na huku, wakisubiri nianguke, sikuanguka. Kilio kilikuwa kimefika hapa." Akajigusa kooni. "Nikasema kitatoka siku ya kuanua tanga. Ukaja wewe umevaa ile nguo. Nikaona basi, cha nini tena?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa namsikia, kwamba mwanawe yupo, anaongea, na anaongea na mimi. Mpaka leo sijui kama ningemfariji au ningemuumiza. Aliita kwa sauti kuelekea nyumba ya pili, akaja shemeji yake, mzee yule aliyeniuliza siku ya msiba mbona nimekonda. Hawakuzungumza mengi, na walichozungumza kilikuwa Kipimbwe. Mzee akaniambia niivae jezi, kwa sababu nguo inavuliwa mwilini, haivuliwi kwenye mfuko. Nikavua shati, nikaivaa. Nikainama, akaivuta juu ya kichwa changu polepole, na kwa muda ule uso ukiwa ndani ya kitambaa nilinusa sabuni ya mama. Mzee akanikabidhi shati langu. Akasubiri mpaka nilipofunga kifungo cha mwisho, akaondoka bila kuaga.

Mama aliikunja jezi akaiweka mapajani. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa juu yake.

"Haya, mwanangu," akasema, na hakuniita baba. "Msalimie mama yako. Nenda sasa, nenda upesi, usisimamesimame."

Sikula kile chakula. Nilipita nyuma ya nyumba, nikashika njia ya kwenye majaruba, watu wamejiinamia wanakata mpunga, na nilikuwa nimefika karibu na barabara kubwa kilio kiliposikika. Hakikuwa kilio cha msiba wa zamani. Kilikuwa cha mtu ambaye mwenzake amekata roho mikononi mwake dakika ileile. Migongo ikanyooka mashamba yote. Mwanamke mmoja, ambaye siku ya msiba alinipa mkono na kuniita mwanawe, alikuja akikimbia juu ya tuta, mganda wa mpunga bado kwapani.

"Baba, nani amekufa huko nyumbani?"

"Mwanae," nikamwambia.

Alinitazama usoni, akatazama shati langu lisilo na jezi juu yake, akatazama tena usoni. Kisha akauangusha mganda, akajishika kichwa, akakimbia kwenda kulia naye.